Umaskini umeshuka? Hebu kwanza tuangalie sado iliyopimia

Juzi nilikuwa kwenye soko la dagaa la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nimekaa na vijana wanaopakia dagaa, redio inaongea, mtangazaji akasema kiwango cha umaskini kimeshuka kutoka asilimia 28.2 hadi asilimia 26.4, na kijana mmoja mpakiaji akaniuliza, sio kwa hasira, kwa kutaka kujua kabisa, "kaka, sasa hao waliotoka kwenye umaskini ni akina nani, mbona mi simjui hata mmoja?" Nikaanza kumjibu lakini gari lake lilikuwa linajaa, akaondoka katikati ya maelezo. Swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile maana ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina, kwahiyo naandika hapa yale ambayo ningemwambia kama tungekuwa na muda.

Hizo namba zinatoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaufanya kwa Tanzania Bara, na haufanyiki kila mwaka kama watu wengi wanavyodhani. Ulifanyika 1991/92, ukaja 2000/01, ukaja 2007, ukaja 2011/12, halafu 2017/18. Majibu yake kwa umaskini wa mahitaji ya msingi ni 38.6, 35.7, 33.6, 28.2 na 26.4. Basi. Ukiona mahali mchoro una mstari unateremka mwaka hadi mwaka bila kuruka, ujue vipimo vyenyewe vya miaka hiyo ni hivyo vitano, hapo katikati watu wamekadiria. Na ile aliyoisema mtangazaji ni tofauti ya vipimo viwili, 2011/12 na 2017/18, yaani kuna mtu alipima mara ya kwanza, akapima mara ya pili, akatoa moja kwenye nyingine. Hapo ndo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu ukipima mahindi kwa sado leo na kesho ukapima kwa sado nyingine iliyobonyezwa kitako, ile tofauti utakayopata huwezi kujua kama ni ya mahindi au ni ya sado.

Mimi niliwahi kufanya kazi ya udadisi, yaani kuhoji kaya, miezi kadhaa, sio kwenye huo utafiti wa taifa, ulikuwa mwingine mdogo tu wa kaya, vijiji vya Magu na visiwani Ukerewe. Unaingia kwa watu, shikamoo, unakaribishwa kigoda, unaanza kuuliza wamekula nini wiki hii na kwa shilingi ngapi. Watu hushangaa kwa nini hatuulizi mshahara. Jibu liko hapo hapo, Ziwa Victoria. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mchangani na watu wanashona nyavu. Ukimuuliza mapato yake siku za giza utaandika tajiri, ukimuuliza mwezi ukiwa mpevu utaandika hana kitu, na mtu ni yule yule na nyumba ni ile ile. Lakini ukiangalia matumizi, ugali unaopikwa, sabuni, vocha, nauli, vinabadilika kidogo zaidi, kwa sababu siku za giza anaweka akiba au analipa deni la dukani na siku za mbalamwezi anakopa tena. Ndo maana nchi nyingi za Afrika zinapima umaskini kwa matumizi, sio kwa kipato. Hata samaki aliyevua akala mwenyewe, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyotoka ghalani kwake, vinahesabiwa na kuwekewa bei kana kwamba amenunua, la sivyo mkulima yeyote angeonekana anaishi kwa hewa.

Na kuna kitu kimoja nilikuja kukielewa baadaye nikafurahi sana. Kwa muda mrefu daftari la matumizi ambalo kaya inaachiwa kwenye ule utafiti wa taifa lilikuwa la siku 28, kila siku mnaandika mlichonunua na mlichokula. Siku 28 ni karibu mzunguko mzima wa mwezi angani, ambao ni siku 29 na nusu hivi. Kwahiyo kaya ya mvuvi ikishika daftari siku 28 inapita giza lote na mbalamwezi yote. Ukibadilisha ukauliza wiki moja tu, hapa kwetu ziwani wengine utawakuta kwenye neema na wengine kwenye njaa, wastani unaweza usiharibike sana lakini idadi ya wanaoonekana maskini itapanda, kwa sababu wale uliowakuta wiki mbaya watahesabiwa kama hali yao ya kila siku ni ile. Hakuna aliyekuwa maskini zaidi. Ni daftari limefupishwa.

Hii sio nadharia yangu, ilijaribiwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichukua kaya karibu 4,000 kwenye wilaya 7, wakazigawa kwa kura kwenye makundi 8, kila kundi likaulizwa matumizi kwa namna yake: wengine daftari, na kwenye daftari kuna la kaya nzima na kuna la kila mtu mzima na lake, wengine wakaulizwa kwa kukumbuka wiki moja, wengine wiki mbili, wengine orodha ndefu ya vyakula, wengine orodha fupi. Kwa kuwa waligawanywa kwa kura, makundi yote yalikuwa na hali moja. Lakini viwango vya umaskini vilivyotoka vilipishana kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia kati ya namna moja na nyingine. Daftari la kila mtu mzima lilinasa matumizi mengi zaidi, maana chapati ya baba aliyokula stendi na karanga alizonunua kijana, mama hazijui, kwahiyo haziingii kwenye daftari moja la nyumbani. Sasa linganisha: nchi inashangilia kushuka kwa pointi 1.8, na kubadilisha tu namna ya kuuliza kunaweza kusogeza pointi 10. Kwahiyo mtu akikuletea namba mbili za miaka miwili tofauti, kabla hujauliza serikali ilifanya nini, uliza kwanza daftari lilikuwa lile lile?

Wataalamu wenyewe wanalijua hili. Ule utafiti wa 2007 ulitoa 33.6, lakini utafiti wa 2011/12 ulibadilisha vitu, dodoso na namna ya kukokotoa, kwahiyo kutoa 28.2 kwenye 33.6 moja kwa moja ilikuwa ni kama ile ya sado mbili. Benki ya Dunia kwenye tathmini yao ya 2015 walirudi kwenye data za 2007 wakazikokotoa upya kwa namna ya 2011/12 kadri ilivyowezekana, wakapata 34.4. Ndo maana utakuta ripoti moja inasema 2007 ilikuwa 33.6 na nyingine 34.4, watu wanabishana nani muongo, wala hakuna muongo, ni mwaka mmoja uliopimwa kwa sado mbili. Kosa linakuja pale mtu anapochukua ya huku akaitoa kwenye ya kule.

Sasa mstari wenyewe. Maskini ni nani? Hapa Bara wanaanza na chakula, wanapanga kapu la vyakula ambavyo watu wa kawaida wanakula kweli, sio vya daktari, linalotosha kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku, wanaliwekea bei. Hilo kapu mwaka 2011/12 lilikuwa shilingi 26,085 kwa mwezi, na 2017/18 likawa shilingi 33,748. Halafu wanaongeza mahitaji mengine, nguo, makazi, shule, dawa, unapata mstari wa mahitaji ya msingi, shilingi 36,482 mwaka 2011/12 na shilingi 49,320 mwaka 2017/18. Hiyo ni kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, gawa kwa 30 uone, ni kama shilingi 1,644 kwa siku kwa kila kitu. Nakwambia hili kwa sababu watu wakisikia 26.4 wanadhani wale 73.6 waliobaki wana maisha mazuri, hapana, mtu anayetumia 1,700 kwa siku hahesabiwi maskini.

Na "mtu mzima" hapo sio kichwa chochote. Mwanaume mzima anahesabiwa 1, mwanamke mzima 0.88, mtoto mchanga 0.40. Tuseme kaya ya baba, mama na mtoto wa mwaka mmoja inatumia shilingi 100,000 kwa mwezi. Jumla yao ni 2.28, ukigawa unapata shilingi 43,860, iko chini ya mstari wa 2017/18. Ungegawa kwa vichwa vitatu ungepata 33,333. Umeona namna namba inavyocheza kabla hata hatujatoka nyumbani.

Hapo kwenye kupanda kwa mstari kutoka 36,482 hadi 49,320 ndo pana jambo ambalo mimi binafsi naliona zito kuliko yote, bei. Mstari unatakiwa upande sawasawa na bei wanazolipa maskini, sio zaidi sio pungufu. Ukiupandisha kidogo kuliko bei za kweli, watu watavuka mstari kwenye karatasi huku sufuria iko vile vile. Nakumbuka kijiji kimoja cha ziwani Magu, kulikuwa na mama anauza dagaa wakavu kwa mafungu juu ya gunia. Mara ya kwanza nilipofika fungu ni 500. Nikarudi miezi kadhaa baadaye, msimu mwingine, nikauliza fungu bei gani, 500. Nikaanza kuandika kwamba bei haijabadilika. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, andika vizuri. Bei haijapanda, fungu limenywea." Nikatoa mizani kwenye begi, tukapima pamoja, fungu lilikuwa limepungua karibu theluthi. Yaani dagaa walikuwa wamepanda bei karibu nusu na daftari langu lilikuwa linaenda kusema wako pale pale. Akaniambia wateja wake wakisikia 600 wanaondoka, lakini fungu likipungua wananunua wakinung'unika. Tangu siku ile kila kitu kinachouzwa kwa fungu, kwa kopo, kwa kimfuko, nilikuwa napima, hata kama foleni ya nyumba za kufika ni ndefu. Na kumbuka maskini ndo wananunua kwa fungu, mwenye nacho ananunua gunia zima pale Mwaloni, bei ya jumla. Kwahiyo mfumuko wa bei wa maskini na wa mwenye nacho sio mmoja, na ukitumia wastani wa taifa unaweza ukakosea kwa wale wale unaotaka kuwaona.

Kuna mstari mwingine unaochanganya watu, ule wa dola. Utafiti huo huo wa 2017/18, kaya hizo hizo, ukitumia mstari wa taifa unapata 26.4, ukitumia mstari wa kimataifa wa dola 1.90 uliokuwepo wakati ule unapata karibu asilimia 49. Watu wakakimbilia kusema serikali inaficha, wengine wakasema Benki ya Dunia wanatuonea, ila ni mistari miwili tofauti, na ule wa dola unagawa kwa vichwa, mtoto mchanga ni 1 kama baba. Tena dola yenyewe sio ya kubadilishia dukani, ni dola iliyorekebishwa kwa nguvu ya kununua, kwamba kitu kile kile Marekani na hapa Mwanza kingegharimu ngapi. Na mstari wenyewe unahama: ulikuwa 1.25 tangu 2008, ukawa 1.90 mwaka 2015, ukawa 2.15 mwaka 2022, ukawa 3.00 mwaka 2025. Kila ukihama historia yote ya nyuma inakokotolewa upya. Kwahiyo chukua namba zako zote mbili kutoka mstari mmoja, toleo moja, basi, hapo hakuna zaidi.

Halafu kuna sampuli. Hatuulizi kaya zote, 2011/12 ziliulizwa kaya kama 10,000 na 2017/18 pungufu kidogo ya hapo, na zinachaguliwa kwa maeneo, kijiji hiki kaya kadhaa, mtaa ule kaya kadhaa, sio kila mtu nchi nzima kuokotwa peke yake. Majirani wanafanana hali, kwahiyo kaya 10,000 za namna hii zina taarifa pungufu kuliko 10,000 zilizotawanyika. Kwa hesabu ya haraka, kipimo kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na pointi kama moja na nusu juu au chini. Sasa tofauti yetu ni 1.8, na imetoka kwenye vipimo viwili vyenye mashaka ya namna hiyo vyote viwili. Mimi ningesema umaskini kati ya 2011/12 na 2017/18 ulishuka kidogo sana au ulikaa karibu pale pale. Kutoka 2007 mpaka 2018, 34.4 hadi 26.4, hapo nakubali kwa moyo wote kwamba umeshuka, pointi 8 haziletwi na bahati ya sampuli. Na ukiteremka kwenye mkoa mmoja mashaka yanakuwa makubwa zaidi kwa sababu kaya zilizoulizwa ni chache, kwahiyo mabishano ya mkoa upi umempita upi kwa pointi moja au mbili hayana maana sana. Na namba haishuki daima, jirani zetu ng'ambo ya ziwa, Uganda, walikuwa 19.7 mwaka 2012/13 wakapanda 21.4 mwaka 2016/17, na ofisi yao ya takwimu ikaitoa hivyo hivyo.

Sasa nije kwa kijana wa Mwaloni. Kitu cha kwanza ambacho kinaweza kumfanya asimuone hata mmoja ni kwamba asilimia na watu ni vitu viwili. Sensa ya 2012 ilikuta Tanzania nzima watu milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Asilimia 28.2 ya watu wa Bara wa 2012 ni kama milioni 12 na kidogo. Asilimia 26.4 ya watu wa Bara wa 2018 ni karibu milioni 14. Kiwango kimeshuka, maskini wameongezeka, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu anayepita Igoma au Mabatini akasema naona shida nyingi kuliko zamani hajakosea, na anayesema kiwango kimeshuka naye hajakosea, wanahesabu vitu tofauti.

Cha pili ni kina. Mama anayetumia 48,000 anahitaji 1,320 tu kuvuka mstari, na akivuka kiwango kinashuka, habari inatangazwa. Mama anayetumia 25,000 ukimuongezea hata 20,000 amefika 45,000, maisha yake yamebadilika kabisa, watoto wanakula mara mbili badala ya moja, ila kiwango hakijui, bado yuko chini ya mstari. Ndo maana wachumi watatu, Foster, Greer na Thorbecke, mwaka 1984 walitoa namna ya kupima pia umbali wa mtu kutoka kwenye mstari, na ripoti zetu zinayo hiyo namba ila redioni husikii. Mimi naona ingesomwa kila mara pamoja na ile nyingine. (Kuna pia kile kipimo kinachoangalia bati, choo, maji, umeme, shule na lishe badala ya shilingi, hicho kinaenda kwa mwendo wake, umeme unaweza kufika kijijini mwaka ambao mavuno yameharibika.)

Cha tatu ndo kinachonigusa. Tafiti hizi za taifa kila mara zinachukua kaya mpya, hakuna anayejua kama yule maskini wa 2012 ndo yule yule wa 2018. Kati ya hapo kuna waliotoka na kuna walioingia, baba akaugua, mtumbwi ukaibiwa, namba ya mwisho inaonyesha tofauti tu. Kuwajua lazima umfuate mtu yule yule. Hilo lilifanyika kwa jirani zetu Kagera. Kuanzia 1991 hadi 1994 kaya zaidi ya 900 zilihojiwa, lengo la mwanzo lilikuwa kuelewa vifo vya UKIMWI vinaziacha vipi familia, kisha 2004 timu yenye makao yake Bukoba ikarudi kuwatafuta watu wale wale, sio nyumba, watu. Aliyehamia Mwanza wakamfuata Mwanza, aliyehamia Dar wakamfuata Dar, aliyevuka Uganda wakavuka. Katika kaya zile za mwanzo, asilimia 93 walipata angalau mtu mmoja wa kumhoji tena, na kwa kuwa watoto walishakua na kuanza maisha yao, kaya 900 na kitu zikawa zaidi ya 2,700. Wakalinganisha ndugu waliolelewa nyumba moja, mmoja kabaki kijijini na mwingine kaondoka, na matumizi ya walioondoka yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya waliobaki. Kama wangehoji waliokutwa kijijini tu, sehemu kubwa ya mabadiliko isingeonekana kabisa, ingekuwa imepanda meli na kuondoka.

Yule kijana wa Mwaloni kwao ni kisiwani Ukara. Aliniambia mwenyewe kabla ya lile swali, alivuka ziwa miaka zaidi ya kumi iliyopita, akaanza na kubeba mizigo, sa hivi ana chumba Kirumba, godoro, simu, na kila giza anatuma kitu kwa mama yake na mdogo wake waliobaki kule. Alikuwa anawatafuta waliotoka kwenye umaskini miongoni mwa watu anaowajua, na hakujihesabu. Inawezekana mmoja wao ni yeye. Sikuwahi kumuuliza kwenye chungu chake wanakula wangapi, na fungu analonunua jioni akitoka kazini lina uzito gani, na bila hivyo viwili siwezi kumjibu.